Daftari la Sataranji: Usomaji wa Mchezo Mmoja wa Mwaka 1956 na Funzo Lake kwa Kiswahili



1. Utangulizi

Waswahili husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo inanukia duka na bandari, lakini haiwahusu wafanyabiashara peke yao. Mchezo nao ni mali. Unachezwa, unakwisha, kete zinarudishwa sandukuni na wachezaji wanakwenda zao. Ikiwa hapakuwa na aliyeandika, yale yote yaliyofikiriwa kwa saa kadhaa hubaki katika vichwa vya watu wawili, na vichwa havidumu.

Sataranji ni mchezo wenye daftari. Katika mashindano, kila mchezaji hulazimika kuandika hatua zake na za mpinzani wake, moja baada ya moja, mpaka mwisho. Kwa sababu hiyo, mchezo uliochezwa karne nyingi zilizopita unaweza kupangwa upya ubaoni leo na kuchunguzwa kama unavyochunguzwa utenzi wa kale uliosalia katika muswada.

Mhadhara huu unafungua ukurasa mmoja tu wa daftari hilo. Ni mchezo uliochezwa New York tarehe 17 Oktoba 1956 baina ya Donald Byrne, mmoja wa mabingwa wa Marekani aliyekuwa na umri wa miaka 26, na Robert Fischer, mvulana wa miaka 13. Maswali yanayoulizwa ni mawili. Kwanza, rekodi ya mchezo ni matini ya namna gani, na husomwaje? Pili, Kiswahili kina nini, na kinakosa nini, katika kuisoma matini hiyo? Hoja itakayotetewa ni kwamba upungufu wa Kiswahili katika uwanja huu hauko pale unapotafutwa kwa kawaida. Watu hutafuta majina. Uchambuzi wa sataranji, hata hivyo, hauishi katika majina bali katika vitenzi, na huko Kiswahili ni tajiri.

2. Jina la mchezo na majina ya kete

Hata hivyo, ni vyema kuanza na majina, kwa kuwa bila hayo mchezo hausimuliki. Neno sataranji ni historia fupi ya safari ya mchezo wenyewe. Katika Kisanskriti mchezo uliitwa chaturanga, yaani viungo vinne, kwa maana ya vikosi vinne vya jeshi: ndovu, farasi, magari ya vita na askari wa miguu. Waajemi walitamka chatrang. Waarabu, waliopata mchezo huo baada ya kuiteka Uajemi katika karne ya 7, walisema shatranj. Kiswahili nacho kililitendea neno hilo kama kinavyoyatendea maneno mengi ya mkopo: kikatenganisha konsonanti kwa irabu na kulimalizia neno kwa irabu.

Majina ya kete yana mafunzo makubwa zaidi. Chukua kete inayokwenda mshazari. Kwa Waarabu ilikuwa ndovu, na hata leo kwa Warusi ni ndovu. Wachongaji wa nchi za Kiislamu waliichonga bila sura ya mnyama, wakaiachia ncha mbili tu juu yake kuwa alama ya pembe. Kete hiyo ilipofika Uingereza, ncha zilezile zilisomwa kuwa kofia ya askofu, na jina likawa askofu. Wafaransa waliiita mwendawazimu, kwa maana ya mchekeshaji wa mfalme. Wajerumani, ambao hawakujali sura bali mwendo, waliiita mkimbiaji. Kete ni ileile na mwendo ni uleule. Kilichobadilika ni jicho la anayetazama. Hapana mfano ulio bora zaidi wa kumwonyesha mwanafunzi kwamba uhusiano wa jina na kitu ni wa makubaliano.

Katika mhadhara huu yatatumika majina sita: shaha, malkia, mnara, ndovu, farasi na kitunda. Huenda msikilizaji akasema kwamba orodha hiyo imechanganya njia ya Uajemi na njia ya Ulaya. Ni kweli. Lakini Kiingereza nacho kimechanganya: mnara wake una jina la Kiajemi, ndovu wake amekuwa askofu, na kitunda chake ni askari wa miguu wa Kilatini. Lugha haidai ulinganifu wa asili. Inadai kwamba watu waelewane. Shaha limechaguliwa kwa kuwa lina mizizi katika Kiswahili: kiongozi wa washairi huitwa shaha wa malenga. Ni neno lile lile la Kiajemi la mfalme, na ndilo lililozaa lile tamko la mwisho wa mchezo, shah mat. Wengi hulifasiri tamko hilo kuwa mfalme amekufa, wakilihusisha na mzizi wa Kiarabu uliotupa neno mauti. Maelezo yanayokubaliana zaidi na kanuni za mchezo ni yale ya Kiajemi: mfalme amekwama, hana la kufanya. Kwa hakika shaha haliwi kamwe. Mchezo hukoma anapokuwa ametishiwa na hana pa kukimbilia.

3. Rekodi ya mchezo kama matini

Kwa mwanaisimu, ubao wa sataranji si mgeni. Ferdinand de Saussure, katika Kozi ya Isimu ya Jumla iliyochapishwa mwaka 1916, miaka mitatu baada ya kifo chake, aliufanya mfano wake mkuu. Alieleza kwamba thamani ya kete hutokana na mahali pake mbele ya kete nyingine, kama vile thamani ya neno inavyotokana na maneno yanayolizunguka. Alieleza pia kwamba kete ya mti ikibadilishwa kwa kete ya pembe, mchezo haubadiliki, bali idadi ya kete ikibadilishwa, sarufi ya mchezo inaguswa. Kisha akatoa dai lililo muhimu zaidi kwa mada hii: mtu anayefika katikati ya mchezo anaweza kuielewa hali ya ubao sawasawa na yule aliyeutazama tangu mwanzo. Historia, kwa maoni hayo, haihitajiki ili kuielewa hali iliyopo.

Rekodi ya mchezo inalipima dai hilo. Kuna jambo moja ambalo ubao haulisemi. Shaha ana ruhusa ya kuingia ngomeni mara moja katika mchezo: husogea miraba miwili kuelekea mnara, na mnara humruka ukatua upande wake wa pili. Ruhusa hiyo hutolewa iwapo shaha na mnara huo havijawahi kusogezwa. Katika mchezo wa New York, kabla ya hatua ya 16, shaha wa Byrne alikuwa bado e1 na mnara wake h1. Mtu aliyefika ukumbini wakati huo asingejua kwa kuutazama ubao tu kama ruhusa ipo au imekwisha. Labda shaha alitoka akarudi. Anayejua ni yule aliyeshuhudia, au yule mwenye daftari. Hali ya sasa, basi, imebeba historia ndani yake bila ya kuionyesha.

Hata hivyo, rekodi hiyohiyo inampa Saussure haki yake mahali pengine, nako ni katika ufunguzi.

4. Ufunguzi: lugha ya kurithi

Miraba ya ubao hutajwa kwa herufi kuanzia a hadi h na tarakimu kuanzia 1 hadi 8. Mtindo huu si mpya. Philipp Stamma, mzaliwa wa Aleppo nchini Syria, aliutumia katika kitabu alichokichapisha Paris mwaka 1737. Mwaka 1956 majarida ya Marekani yalikuwa bado yakitumia mtindo mwingine, ambao kila mraba ulikuwa na majina mawili kulingana na upande wa mchezaji. Matini, kwa hiyo, imekwisha kuhamishwa kutoka hati moja hadi nyingine, kama tenzi zilivyohamishwa kutoka hati za Kiarabu hadi za Kirumi.

Katika hatua nne za kwanza, Byrne, aliyekuwa na kete nyeupe, alitoa farasi wake wawili kwenye f3 na c3, akasogeza vitunda hadi c4 na d4. Fischer alimtoa farasi hadi f6, akasogeza kitunda hadi g6, akamweka ndovu g7 na kumwingiza shaha wake ngomeni. Katika hatua ya tano Byrne alimpeleka ndovu f4, naye Fischer akasukuma kitunda hadi d5.

Kwa kitunda hicho cha d5, mchezo ulipata jina. Wachezaji huuita ufunguzi huu Ulinzi wa Grünfeld, kutokana na Ernst Grünfeld wa Austria, aliyeutumia mwaka 1922, pamoja na kumshinda nao Alexander Alekhine mjini Vienna, miaka mitano kabla ya Alekhine kuwa bingwa wa dunia. Fikra iliyomo ilikuwa ya ujasiri kwa wakati wake. Mafunzo yaliyotawala hapo awali, hasa ya Mjerumani Siegbert Tarrasch, yalisisitiza kwamba kitovu cha ubao sharti kikaliwe kwa vitunda. Kizazi cha Aron Nimzowitsch na Richard Réti kilipinga: mwache mpinzani akalie kitovu, kisha umshambulie kwa mbali mpaka kile alichokiona kuwa ngome kiwe mzigo wa kulindwa. Ndovu wa g7, anayeutazama mshazari mrefu mpaka upande wa pili, ndiye mtumishi mkuu wa fikra hiyo.

Ufunguzi huo huzoeleka kufikiwa kwa njia fupi zaidi, kitunda cha d5 kikisukumwa katika hatua ya tatu. Byrne na Fischer walipita njia nyingine wakafika kwenye ukoo uleule wa mchezo. Hapa Saussure ana haki: njia mbalimbali, hali moja. Kama neno lililoingia Kiswahili kupitia Pemba au kupitia Lamu, likishatua katika sentensi hufanya kazi yake bila kuulizwa lilikotoka.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba katika hatua hizo tano hapana mchezaji aliyebuni kitu. Wote wawili walikuwa wakizungumza lugha ya kurithi. Mabingwa wa Kiarabu wa karne ya 9 na ya 10 walikwisha kuwa na mipangilio yao ya kuanzia, walioiita ta'biya, yaani upangaji wa jeshi, na neno hilo bado linatumiwa na wachezaji duniani kote. Ufunguzi ni kama maamkizi, au kama beti za mwanzo za utenzi ambamo mtunzi humsifu Mola na kuomba wino na karatasi. Msikilizaji hatazamii ubunifu hapo. Anatazamia kuhakikishiwa kwamba msemaji anaijua lugha.

Sayansi ya akili imelithibitisha jambo hilo kwa njia yake. Mholanzi Adriaan de Groot, katika tasnifu yake ya mwaka 1946, na baadaye Wamarekani William Chase na Herbert Simon mwaka 1973, waliwaonyesha wachezaji hali ya ubao kwa sekunde chache kisha wakawataka waipange upya. Mabingwa walikumbuka kete nyingi zaidi kwa mbali kuliko wanagenzi, lakini kwa sharti moja: hali iwe imetoka katika mchezo halisi. Chase na Simon walipozitawanya kete ovyo, ubora wa bingwa ulitoweka karibu wote. Ndivyo ilivyo kwa lugha. Mswahili hukumbuka sentensi ya maneno ishirini kwa kuisikia mara moja, lakini hawezi kukumbuka silabi arobaini zilizochanganywa. Kinachokumbukwa ni maana, na maana huletwa na mazoea.

5. Hatua ya 11 na hatua ya 17

Lugha ya kurithi ikishatumika, swali hubaki: msemaji ana nini cha kusema? Katika hatua ya 6 Byrne alimtoa malkia hadi b3. Fischer akala kitunda cha c4, malkia akamrudia, na katika hatua ya 8 Byrne akasukuma kitunda hadi e4. Sasa alikuwa amekalia kitovu kwa vitunda viwili, kama Grünfeld anavyomruhusu. Gharama yake ni kwamba malkia wake alikuwa nje mapema, shaha wake alikuwa bado e1 na ndovu wa f1 alikuwa hajatoka. Fischer akapeleka farasi wake wa pili d7 na kisha b6, akimfukuza malkia hadi c5, halafu akamtoa ndovu hadi g4. Katika hatua ya 11 Byrne alimsogeza kwa mara ya pili ndovu aliyekwisha kumtoa, kutoka f4 hadi g5. Mwenye nyumba alikuwa anapamba sebule huku mlango uko wazi.

Hapo Fischer alimpeleka farasi wake a4, kwenye ukingo wa ubao, mahali ambapo farasi wa Byrne wa c3 angeweza kumla bure. Kwa anayesoma hatua hiyo peke yake, ni kosa la mtoto. Lakini farasi wa c3 ndiye aliyekuwa akikilinda kitunda cha e4. Angalikwenda a4 kula, kitunda hicho kingalibaki bila mlinzi. Farasi mwingine wa Fischer angalikila, na kutoka e4 angaliwatishia kwa pamoja malkia wa c5 na ndovu wa g5. Byrne aliliona hilo, akakataa zawadi na kumrudisha malkia a3. Fischer akabadilishana farasi, kisha akakila kitunda cha e4 bila kujali. Kitovu kilibomoka, na mistari inayomwelekea shaha wa e1 ikafunguka.

Mnara wa Fischer ulipomtishia shaha kutoka e8 katika hatua ya 16, shaha alilazimika kusogea f1, na ruhusa ya kuingia ngomeni ikafa. Wakati huo ndovu wa Byrne aliyekuwa c5 alikuwa akimkabili malkia wa Fischer aliyekuwa b6. Mchezaji yeyote angemhamisha malkia. Katika hatua ya 17 Fischer hakumgusa. Alimrudisha ndovu wake kutoka g4 hadi e6, akamtoa malkia mhanga.

Byrne alimla. Katika hatua tano zilizofuata shaha wake alisukumwa f1, g1, f1, g1, kama mtu aliyefungiwa katika chumba chenye milango miwili na kila mlango una askari, huku farasi na ndovu wa Fischer wakila na kutishia kwa zamu. Vumbi lilipotulia baada ya hatua ya 25, Fischer alikuwa amepata mnara mmoja, ndovu wawili na kitunda kimoja kwa malkia wake. Katika hesabu ya kawaida ya wachezaji, malkia ni 9, mnara 5, ndovu 3 na kitunda 1. Yaani alitoa 9 akapokea 12. Byrne hakujisalimisha. Alicheza mpaka hatua ya 41, ambapo shaha wake alikwama c1 kwa mnara wa c2, malkia wake akiwa b8, mbali, asiweze kumsaidia. Hans Kmoch, alipouchapisha mchezo huo katika jarida la Chess Review mwezi Desemba mwaka huo, aliuita mchezo wa karne. Katika mashindano yenyewe Fischer hakushinda. Alimaliza katika nusu ya chini ya orodha. Ukurasa mmoja wa daftari ulidumu kuliko jedwali zima la matokeo.

6. Lisiloandikwa

Kwa nini Byrne hakumla ndovu wa e6 badala ya malkia? Jibu halimo katika rekodi. Ndovu wake wa c4 angalimla yule wa e6, malkia wa Fischer angalimtishia shaha kutoka b5, na farasi angalifuatia kutoka e2 na kisha g3. Mwishowe malkia angalijitoa f1, mnara wa Byrne ungalilazimika kumla, na farasi angalirudi e2 kumkwamisha shaha aliyezungukwa na kete zake mwenyewe. Mbinu hiyo ya kumkaba shaha kwa watu wake imo katika kitabu cha Mhispania Lucena kilichochapishwa Salamanca mwaka 1497. Mvulana wa miaka 13 alisema jambo jipya kwa kuegemea sentensi yenye umri wa zaidi ya miaka 450.

Funzo kwa mwanaisimu ni wazi. Matini iliyoandikwa ni ule mfululizo wa hatua zilizochezwa. Maana yake, lakini, inatokana na hatua zisizochezwa, ambazo kila moja ingeweza kushika nafasi ya ile iliyochaguliwa. Saussure alitofautisha uhusiano wa vipashio vilivyomo katika mfuatano na uhusiano wa vipashio visivyokuwapo, vinavyoitwa na kumbukumbu. Anayesoma rekodi bila kujua visivyokuwapo amesoma mifupa. Kazi ya mchambuzi ni kuirudishia nyama.

7. Kitenzi cha Kiswahili kama chombo cha uchambuzi

Kazi hiyo ya kurudisha nyama hufanywa kwa lugha, na hapa ndipo penye hoja ya mhadhara huu. Rekodi yenyewe inasimuliwa kwa kiambishi -ka-: akasogeza, akala, akatishia. Uchambuzi wake, kama aya zilizotangulia zilivyoonyesha, unakaa katika -nge- na -ngali-: angalikula, angalikwama. Kiswahili kimetenga ndani ya kitenzi mahali pa lililotendeka na mahali pa ambalo lingetendeka. Mwalimu wa sarufi anayetafuta mifano hai ya viambishi vya masharti, badala ya kurudia kila mwaka kwamba ningekuwa na fedha ningenunua gari, atakuta mamia ya mifano katika mchezo mmoja.

Chombo cha pili ni kauli ya kutendeka. Kete iliyoliwa imeliwa. Hilo ni tukio. Lakini moyo wa sataranji ni uwezekano: kete ipi inalika, na kwa gharama gani. Kitunda cha e4 hakikulika maadamu farasi wa c3 alikuwapo, alipoondolewa, kikalika. Malkia wa b6 alilika, lakini shaha hakuokoka kwa kumla. Lugha nyingine hulazimika kutumia maneno matatu au manne ili kuonyesha tofauti hiyo. Kiswahili hutumia mofimu moja.

Chombo cha tatu ni mnyambuliko kwa jumla. Kutokana na funga hupatikana fungwa, fungia, fungiana, fungika na fungua, na kwa kila kimoja kuna hali ya ubao inayokisubiri: njia iliyofungwa, shaha aliyefungiwa, mshazari uliofunguka. Ufunguzi wenyewe ni nomino iliyozaliwa na kitenzi kinachotengua kufunga. Anayedai kwamba sataranji haifundishiki kwa Kiswahili mpaka kamati iketi na kuunda istilahi amelitazama ghala kwa mlango wa nyuma, mahali palipohifadhiwa majina, akaliona tupu. Mlango wa mbele hajaufungua.

Hasara ya kutoufungua si ndogo. Kijana aliyejifunza mchezo kwa vitabu vya Kiingereza anaweza kushinda, lakini akiulizwa na nyanya yake amefikirije, hunyamaza au huchanganya ndimi. Ujuzi wake unabaki kisiwa. Na ujuzi usioelezeka kwa lugha ya nyumbani haurithishwi nyumbani.

8. Hitimisho: ubao mwingine

Ipo sababu ya kuamini kwamba mazoea ya kueleza yanawezekana, kwa kuwa yamekwisha kuwapo kwa karne nyingi kandokando ya ubao mwingine. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Sataranji ina kete 32 na miraba 64. Kila mmoja ni kioo cha mwenzake. Na istilahi za bao zimejaa vitenzi: mchezaji hunamua, hutakata, hutakasia, hula. Wazee wa barazani hubishana kwa -nge- na -ngali- mpaka adhana ya magharibi, wakichambua mtaji ambao mtu angeupata kama angalianzia shimo jingine. Kuna nomino vilevile, kama nyumba, kichwa na kimbi, lakini zinazosukuma mazungumzo ni zile tendo.

Lakini kioo hugeuza. Sataranji ina daftari, ila haijapata mazungumzo ya kutosha kwa Kiswahili. Bao lina mazungumzo, ila halina daftari. Mtafiti wa Kiholanzi Alex de Voogt, aliyefanya kazi na mabingwa wa Zanzibar, alionyesha katika tasnifu yake ya mwaka 1995 kwamba bao la mabingwa linastahili uchunguzi wa akili na kumbukumbu sawa na ule uliofanywa kwa sataranji. Hata hivyo, michezo mingi ya mabingwa hao haikuandikwa, na mabingwa ni wazee. Dunia inaweza kurudia hatua ya 17 ya mvulana wa New York wakati wowote inapopenda. Hakuna awezaye kurudia mtaji wa fundi wa bao wa Unguja aliyefariki bila mwandishi pembeni yake.

Kazi inayowangoja wanafunzi wa Kiswahili, basi, ina pande mbili, na kila upande unauhitaji mwingine. Mmoja achukue rekodi ya sataranji, aipange ubaoni na kuieleza kwa sauti mbele ya wenzake, kwa Kiswahili tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho, kisha aorodheshe vitenzi alivyovihitaji. Mwingine aketi barazani na daftari, aandike mchezo wa bao shimo kwa shimo, pamoja na maneno ya wanaoutazama, kabla ya ubao kufunikwa. Wa kwanza ataipa mifupa nyama. Wa pili ataipa nyama mifupa. Mali ipo, kinachosubiriwa ni daftari, na mwenye kuandika.